Kaka Anasubiri Bei Ishuke, Baba Anasubiri Kuiona Bahari

Admin, jina langu libaki kwako, tafadhali sana. Kaka yangu naye yumo humu, kila jioni anasoma visa vya wenzake na kucheka, na hiki kinamhusu yeye.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nashona sare na nguo za kwaya hapa Tabora mjini. Baba yetu ni mzee wa Sikonge, amefuga nyuki maisha yake yote. Mama alishafariki, tumebaki mimi na kaka tu. Kaka yuko Nzega, ananunua asali na nta vijijini na kuuza. Yeye ndiye mwenye uwezo, kwa hiyo mambo makubwa ya familia hayaendi mpaka aseme ndiyo.

Baba hajawahi kuiona bahari. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba meno ya tembo kwa miguu kutoka huku Unyamwezi hadi pwani, na zamani kwetu mwanaume ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Baba amekulia kwenye hizo habari. Mwaka jana alipopimwa akaambiwa ana presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na dawa ni ya kulinda kilichobaki, hakulia. Alisema tu, "Basi nipelekeni nikaione bahari kabla." Mimi ndiye niliyelia, pale pale kwenye benchi la hospitali. Tangu siku hiyo anakaa kwangu hapa mjini.

Nikatafuta. Kuna ofisi moja ya safari hapa mjini wanauza pakeji ya Unguja: treni hadi Dar, boti, hoteli ya ufukweni na chakula humo humo, unalipa mara moja. Nikawa naangalia bei kwenye simu kila asubuhi kabla sijawasha cherehani. Mwezi wa nne ikashuka mpaka nikadhani wamekosea. Nikampigia kaka, akaja mwenyewe.

Sasa ndugu zangu, lazima mjue watu wa asali tulivyo. Kwetu mnunuzi akitaja bei, hukubali wala hukatai. Unafunika ndoo, unamkaribisha kiti, unaongea habari za mvua. Mwenye haraka ndiye anayeumia. Kaka amejenga nyumba kwa tabia hiyo, na siku ile alikwenda nayo ofisini. Akamsalimia vizuri dada anayeuza safari, akauliza habari za nyumbani, akasikia bei, akanyanyuka. "Tutarudi, dada."

Yule dada akamwambia kwa upole, "Kaka, hii bei siyo yangu, ni ya hoteli. Sasa hivi pwani ni masika, vyumba viko vitupu, ndiyo maana iko chini. Wageni wakianza kuja mwezi wa sita itapanda. Bora mkate tiketi sasa."

Tulipotoka nje kaka akacheka. "Wote wanasema hivyo. Imeshuka mara moja, itashuka tena. Mdogo wangu, ukionyesha njaa unapigwa." Nikamwambia hoteli si ndoo ya asali, vyumba vikijaa vimejaa. Akaniambia nirudi kwenye cherehani yangu.

Mwezi wa sita ikapanda. Wa saba ikapanda tena, wa nane ndiyo usiseme. Kaka akakasirika kana kwamba wamemtukana yeye. "Sasa ndiyo hatununui kabisa. Wakichoka watashusha." Nikamsihi baba amwambie, maana baba akisema, kaka asingekataa. Baba, ambaye huniita mayu, yaani mama, akasema, "Mwache kaka yako, mayu. Anajua biashara." Mimi nikabaki katikati, sina hela ya kulipa peke yangu na sina sauti ya kuwashinda wawili. Kila asubuhi naangalia bei, halafu namwangalia baba. Alianza kupapasa ukuta akienda uani. Alianza kumwamkia shikamoo jirani yangu ambaye ni mdogo kwangu, tukacheka, yeye pia akacheka.

Wiki hii bei imeshuka. Imeshuka kuliko hata ile ya mwezi wa nne. Kaka akapiga simu anashangilia, "Si nilikwambia! Nakata tiketi Jumatatu, twende wote watatu!" Akatuma na picha ya ile hoteli, bahari imejaa kioo kizima. Nikaacha kushona, nikampelekea baba simu pale barazani, jua linawaka. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiangalia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Aisee. Maji mengi kweli."

Alikuwa ameishika kwa nyuma. Kioo kilikuwa kinaniangalia mimi.

Nadhani alisikia ninavyopumua, maana akanirudishia simu taratibu. "Tangu mwezi uliopita, mayu. Nimebaki na mwanga tu, vitu sivioni. Kaka yako usimwambie, atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Tutakwenda. Wewe utakuwa unaniambia kilichopo, mimi nitatikisa kichwa."

Ndugu zangu, nimechoka. Nikimwambia kaka, nimemvunja, na baba nimemsaliti. Nikinyamaza, tutasimama pale ufukweni, kaka anajisifu alivyoishinda bei, baba anaigiza kuona, na mimi katikati yao nimemeza kilio. Hasira ninayo, ila sijui nimtupie nani, kwa sababu kaka anampenda baba kuliko hata mimi ninavyompenda. Jumatatu siyo mbali. Niseme au ninyamaze?

Na kama mtanishauri ninyamaze, basi mlioiona bahari nisaidieni jambo moja. Baba ataniuliza ikoje, na mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Nianze kumwambia nini?