Sauti ya Mama Bado Inaita Wateja

Naomba jina langu lisionekane, maana Likoni watu wanatujua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nakaa Timbwani. Marehemu mama yangu nitamwita Bi Zuhura, na kaka yangu nitamwita Faridi, ingawa si majina yao.

Mama alikuwa akikaanga kuku barazani kwetu, kuku wa ukwaju na tui, na watu wakishuka feri walikuwa wakimpangia foleni. Faridi akamfungulia duka la kuku na chipsi kwa jina la Mama, likashika. Wengine wakataka kufungua kwa jina lile lile, naye akawauzia ruhusa: Kisauni, Changamwe, Mikindani. Kila tawi liliwekwa spika mlangoni, na ndani yake sauti ya Mama, iliyorekodiwa jikoni kwetu: "Karibuni wanangu, karibuni ndani." Miaka ile tulitembea vichwa juu.

Mwanzo Mama alisaga viungo vya matawi yote kwa mkono wake. Matawi yalipozidi, Faridi akaagiza viungo vya kiwandani. Mama akaonja, akarudisha paja sahanini.

"Faridi, huyu si kuku wangu."

"Mama, watu hawatajua tofauti."

Walijua. Kisha tawi la Kisauni likauza kuku waliolala, watu wakaugua matumbo, na mitaani hawakusema kuku wa Faridi, walisema kuku wa Bi Zuhura. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia Mama mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyewalisha wanangu uozo." Tangu hapo Mama hakutoka nyumbani mpaka alipotolewa kwenda kuzikwa. Matawi yakafungwa moja baada ya jingine, hata lile la kwetu.

Likabaki la Mikindani. Juzi juzi nilikwenda huko kumwona rafiki yangu aliyejifungua, na nikiwa ng'ambo ya barabara nikamsikia mama yangu anaita. Nikavuka barabara. Nikaingia, hapakuwa na mteja hata mmoja. Nikamwomba mwenye duka, Bwana Karisa, azime ile sauti, kwani ni ya mama yangu na ameshafariki.

Akaniangalia kwa huruma. "Dada, ningeizima zamani. Lakini baba yako huja hapa kila Ijumaa baada ya sala."

Baba, tunayekaa naye tangu Mama afariki, hutuambia anakwenda kumtembelea rafiki yake.

Ijumaa iliyofuata nilivaa nikabu nikakaa meza ya nyuma. Baba alikaa karibu na spika, chai mbele yake haijaguswa. Mama alipoita, alijibu taratibu, "Nipo, Zuhura." Sauti ikarudia, naye akajibu tena. Nilitoka bila kumsalimia.

Sasa Bwana Karisa anafunga, anarudi kwao Kaloleni, na ameniuliza kama naitaka ile rekodi. Faridi nilipomwambia alilia. "Ifutwe," akasema. "Sauti ile ndiyo niliyomuulia Mama." Mume wangu naye anahofia kwamba nikiileta nyumbani, Baba hatainuka tena kitini. Na mimi, wallahi, siku hizi nikiwa jikoni peke yangu husikia mtu akinikaribisha ndani, na kwangu hakuna spika.

Baba hajaambiwa kwamba duka linafungwa. Ijumaa hii ataoga, atavaa kanzu, atavuka feri. Ndugu zangu mnaosoma, nimwambie nini mzee wangu, na ile sauti niichukue au niache ifutwe?