Jicho la Leza Msimu wa Kuamia Ndege

Jicho langu lilitengenezwa msimu uliofuata mwaka wa makopa. Mwaka ule maji ya Kilombero yalikaa juu ya mpunga mpaka ukaoza, na sisi watu wa Ifakara, ambao hata mbwa wetu wanajua ladha ya wali, tukawa tunasonga ugali mweusi wa makopa, ule muhogo mkavu, na kuushushia kwa perege. Waliokuwa na uwezo walinunua mchele dukani, kwa kilo, wakaubeba chini ya khanga kama kitu cha wizi. Kwa hiyo mpunga uliposimama tena, hakuna aliyekuwa tayari kumwachia ndege hata suke moja.

Ndege ndio kesi yetu huku. Mpunga ukianza kushika maziwa, kwelea wanashuka kama wingu, na watu wanahama mjini na masufuria yao. Wanakwenda kukaa kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya mpunga, kuamia ndege kutwa nzima kwa kelele na kombeo. Mtaani kwetu Lipangalala kunabaki makufuli na kuku. Mimi nimeamia tangu usichana. Nilipoolewa, mume wangu alinikatia kipande changu, na alipokufa kikabaki changu. Dungu langu nilisuka mwenyewe, mwanaume alikuja kukata miti tu.

Lakini mtoto wa jicho alinifunga macho. Msimu wa mwisho kabla ya mafuriko nilirusha bonge la udongo kwa kombeo, likampata mkamwana wangu mgongoni. Siku ile alicheka. Kesho yake nikampata tena, hakucheka.

Binti yangu aliyeko Dar akanichukua nikafanyiwa operesheni, ile ya leza, jicho la kulia kwanza. Haiumi. Unatiwa dawa ya ganzi, unalala chali, mashine inalia, na daktari anakwambia, "Bibi, tazama mwanga, usiongee." Kilichoniuma ni kule kutoongea.

Shida inakuja baadaye, na hiyo watu hawakusimulii. Wanakwambia unaingia kipofu unatoka unasoma gazeti. Uongo. Jicho linakereketa kama limeingia pumba, na mkono unataka kulisugua wenyewe. Machozi yanatoka na hakuna msiba. Taa inavaa duara kama mwezi wa mvua. Jua linakuchoma mpaka kisogoni, ndiyo maana nilivaa miwani myeusi nikaonekana dereva wa lori. Ukilala unabandikiwa kikombe cha plastiki juu ya jicho. Dawa ya matone nilijitia mwenyewe, nimelala mkekani, nusu inaingia jichoni, nusu inanywewa na sikio. Usiiname. Usibebe ndoo. Maji ya uso yasifike jichoni. Usipikie kuni.

"Na shamba?" nilimwuliza daktari.

"Msimu huu hapana, bibi. Vumbi, moshi, makapi, kuinamainama, vyote hivyo ni adui. Ukilitunza jicho, msimu ujao utalima."

Neno hilo la msimu ujao nililishika. Kila tone nililotia, nilitia kwa ajili yake.

Niliporudi nyumbani, nikakuta mwanangu wa kiume anapakia tela la pawatila, kale katrekta ka mkono: magunia, mkeka, sufuria kubwa, mkewe, watoto. Nikasimama mlangoni na miwani yangu.

"Mama, wewe pumzika tu," mkamwana akaniambia.

Alisema vile wanavyowaambia marehemu. Pawatila ikaondoka, ikaniachia moshi wake, nami nikafunga jicho haraka.

Basi nikabaki na macho na hakuna cha kutazama. Niliona buibui wa miaka na miaka juu ya kenchi za paa. Niliona shuka niliyoapa kwamba ni nyeupe, kumbe rangi yake ni ya chai. Niliona mikono yangu, nikadhani ni ya mama yangu. Siku moja nikaichukua picha ya marehemu mume wangu, nikaisogeza dirishani, nikaona kile kikovu kidogo kwenye nyusi yake. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikageuka nimwambie mtu. Kulikuwa na jogoo.

Nilipikia jiko dogo la gesi alilonunua binti yangu. Kila nilipoliwasha nilisimama mbali kama ninayewasha baruti. Chakula cha mtu mmoja hakina harufu. Sijui kwa nini. Unapika mchicha, unakula, unaosha sahani moja, na mchana bado haujafika.

Mtu pekee wa mtaani alikuwa msichana wa nyumba ya pili, aliyebaki kwa sababu kajifungua juzi juzi. Alikuja na kichanga chake.

"Shikamoo bibi. Bado linakutoa machozi?"

"Marahaba. Linatoa."

"Fungua basi nikukamulie maziwa. Huyu wangu lilimvimba, nikamtia, akapona."

"Toka hapa! Ziwa la mwanao, jicho langu."

"Bibi mkali! Tone moja tu."

"Hilo tone moja kamtie mumeo, labda ataona njia ya kurudi nyumbani."

Akacheka mpaka mtoto akaamka. Nikafurahi, nikamwambia aje tena. Akaja, akaja tena, halafu mumewe akamfuata, wakaenda madunguni na mtoto mgongoni. Siku hiyo nilisalimia kuku shikamoo.

Mwanangu alikuja mara moja, kaniletea pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa. Akakaa kwenye kigoda, akanitazama ninavyojitia dawa.

"Mama, kuna bwana mmoja wa Kibaoni. Anataka kukodi kipande chako msimu ujao. Ni mtu safi, ana trekta."

"Nani kamwambia kipande kiko wazi?"

"Hajaambiwa. Watu wanaona dungu lako halipo."

Nikavaa miwani yangu. Kumbe ndivyo nilivyoonekana. Mimi nilikaa ndani nilinde jicho ili nirudi shambani, wao kule wakaona nimekaa, basi nimekwisha.

"Shamba langu halikodishwi," nikasema.

Akampigia dada yake, akaweka simu kati yetu kwenye mkeka.

"Shikamoo mama. Sikia, njoo ukae kwangu. Jicho la kushoto bado, na huko wote wako shamba. Leo ukijikwaa, nani atakuinua?"

Hapo alinishika, maana ni kweli. Nilitazama uani. Kamba ya nguo ilikuwa na gauni langu moja. Nikaifikiria nyumba yake ya Dar: wanatoka alfajiri wote, geti linafungwa, televisheni inaongea na makochi. Upweke ule ule, tena wa juu ya vigae, na kule hata nikipona hakuna ninachosubiri. Hapa nasubiri mvua.

"Nikipona la kushoto nitakuja kukusalimia," nikamwambia. "Nitakaa, nitakula, nitarudi."

"Mama, una umri gani wewe wa kupanda juu ya dungu?"

"Wa kuona ngazi. Mwaka juzi nilipanda siioni."

Mwanangu akaficha mdomo kwa kiganja. Dada yake hakucheka. Akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Mama yangu, mpe huyo bwana msimu mmoja tu. Mmoja. Upumzike. Nimwambie kaka amjibu nini?"

Nikavua miwani ili mwanangu anione macho yote mawili, lililopona na bovu.

"Shamba langu halikodishwi."