Ukijani wa Birika la Bi Barka

Nimeishi ukuta kwa ukuta na Bi Barka tangu tukiwa wari, na nasema mbele ya yeyote: mtaa mzima wa Mkomani, hapa Lamu, haukuwa na mwanamke msafi kama yeye, wala mwenye kuchosha kama yeye. Alisugua ngazi, alisugua masufuria mpaka yakaingia matundu, na kila Alhamisi alisugua birika la chooni kwake.

Birika, kwa asiyezijua nyumba zetu za mawe, ni hodhi la kuta za chokaa. Humo ndimo tunamochota maji ya kuoga na kutawadha. Ndani huwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na chini, sakafuni mwake, mafundi wa zamani walijengea bakuli la kaure, ili maji yakipunguzwa kwa kusafisha, samaki wajikusanye humo wasife.

Mwaka ule wa hamsini na nne samaki wake wa asili walikuwa wamekwisha. Kaka yake, Bwana Twahir, akamletea wengine kutoka Mombasa ndani ya chupa ya asali. Hao walikuwa kabila jingine: madume yenye mikia ya rangi za kanga, majike ya kijivu yenye matumbo, na hawakutaga mayai. Walizaa watoto wazima, wembamba kama kope.

Lakini watoto hao hawakudumu. Leo wapo, kesho hawapo, na wakubwa nao wakawa wanakufa mmoja mmoja. Bi Barka akamshuku paka. Kisha akanishuku mimi.

"Umulkheir," akaniambia, "ulipowaona hukusema mashallah."

Mimi, jirani yake wa miaka yote hiyo. Nilimwambia jicho langu lina kazi nyingine za kufanya, nikavaa buibui langu nikaenda zangu, na kwake sikukanyaga tena.

Kilichonirudisha ni bwana afya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na katika birika la Bi Barka alichota maji kwa kata akaona viluwiluwi vinacheza. Akasema atarudi mwezi ukiandama, na akivikuta tena atamimina mafuta ya taa. Nilimkuta Bi Barka ameketi kwenye ngazi analia. Binti yake, Mwanaarabu, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Jeilani, na kwetu Lamu bwana harusi huhamia nyumbani kwa mkewe.

"Mume wa mwanangu atatawadha kwa mai ya mafuta," akasema. "Na samaki ndio hao wamekwisha. Jike amebaki mmoja."

Hasira zangu zikaisha palepale. Ilikuwa Alhamisi na maji alikwisha kuyapunguza, basi nikakaa ukingoni kumtazama akisugua. Samaki wote walikuwa wamebanana bakulini. Yule jike akaanza kuzaa mbele ya macho yangu. Mtoto alichomoza, akajikunjua, na kabla hajaenda popote mamaye akageuka akammeza.

"Barka," nikamwita, "ndoo hapa ulione hilo jicho unalolitafuta."

Aliinama akatazama, mpaka na mtoto wa tatu akamezwa. Akaliweka chini kumbi la nazi alilokuwa akisugulia.

"Wallahi, ni mimi niwatiao mdomoni mwa mama yao," akasema. "Kila Alhamisi."

Tulimtia yule jike peke yake ndani ya kung'uto la kuchujia tui, tukalining'iniza birikani, ili watoto wapenye kwenye matundu na mama abaki ndani. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini watoto walihitaji pia pa kujificha ili madume yasiwale. Ikabidi maji yasipunguzwe tena, na ukijani wa utelezi uachwe uote kutani mwa birika.

Masikini, aliteseka. Alisugua kila kitu kingine nyumbani, alipomaliza akaja kusugua mlango wangu. Ukijani ukarefuka ukawa kama ndevu, na ukitulia sana ulimwona ndani yake mtoto mmoja, kisha mwingine, kisha kundi zima. Bi Barka alisema mashallah kila mara, halafu ananingoja na mimi niseme.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Bi Shifaa, mamake Jeilani, akatuma habari kwamba anakuja na wanawake wa kwao kuiona nyumba atakayoingia mwanawe. Mwanaarabu akambembeleza mamake.

"Mama, sugua mara moja tu. Watasema nimelelewa jaani."

Bi Barka akachukua kumbi, akachutama penye birika. Nilikuwa nyuma yake na sikumzuia, maana heshima ya mwanamke kwetu hupimwa chooni kabla ya sebuleni. Alipotia mkono majini, watoto wa samaki wakatoka ukijanini wakamsogelea vidoleni. Kisha akainuka bila ya kusugua.

Wakwe wakaja wananukia udi. Bi Shifaa akaomba kunawa, akakawia, akarudi na ukijani kwenye ncha ya kidole. Alikipangusa polepole, ili sote tuone. Halua ikabaki sinia zima. Hapo hodi ikabishwa: Bwana Twahir, na nyuma yake bwana afya na debe lake la mafuta. Sote tukajisitiri nyuma ya pazia linaloelekea chooni, tukachungulia.

Bwana afya alichota kata ya kwanza, akaiangalia mwangani. Akachota ya pili, akachota na ya pembeni kabisa. Niliushika mkono wa Bi Barka. Hatimaye bwana afya akasema na Bwana Twahir, kwa ile sauti ya watu wa serikali, wasikie hata majirani.

"Birika hili ni chafu kuliko yote niliyoyaona Lamu. Lakini kiluwiluwi hamna hata kimoja. Mafuta sitii."

Bi Shifaa akageuka kumtazama mwenyeji wake. Na Bi Barka, aliyesugua umri wake wote asije akaambiwa neno hilo, alijibu kutoka nyuma ya pazia, mbele ya wakwe, kwa sauti kamili.

"Alhamdulillahi," akasema.