Simu ya Mwisho Yaenda Selayar

Anayeweka kikokotoo chenye kosa hukiondoa mwenyewe, kisha hukipigia simu kila kituo kinachokitumia na kulikiri kosa kwa kinywa chake. Barua haikubaliki. Ndiyo kanuni ya jukwaa huru ambamo madaktari na wakunga wa Sulawesi Kusini hugawiana, bila malipo, vikokotoo vya kupima hatari ya maradhi.

Saa moja asubuhi, jijini Makassar, Tenriawaru, au Tenri kwa kifupi, ameketi mbele ya simu. Ni muuguzi aliyejifunza kuandika programu za kompyuta. Songkolo yake, wali wa kunata wa asubuhi, imepoa sahanini. Vituo vingine vyote amekwisha kuvipigia. Kimebaki kile cha kisiwani Selayar.

Jukwaa alilijenga yeye, na kanuni aliitunga yeye. Kosa nalo ni lake. Katika kikokotoo chake cha kifafa cha mimba aliruhusu nafasi ya protini ya mkojo iachwe wazi, kwa kuwa zahanati nyingi hazina vipimo.

"Nilitaka kuwarahisishia," anasema. "Sikuona kwamba kompyuta itaihesabu nafasi tupu kuwa mkojo safi, usio na protini."

Mwezi uliopita mama mjamzito mmoja wa Selayar aliambiwa hatari yake ni ndogo, akarudishwa nyumbani. Huko alishikwa na degedege. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Baadhi ya wenzake walimshauri arekebishe kimyakimya, jukwaa lisije likapoteza imani ya watu. Daktari Mappasessu, aliyepatwa na adhabu hiyo mwaka jana, hakushauri kitu.

"Mimi ulinipigisha simu mpaka sauti ikakauka, binti," alimwambia. "Au kanuni ile ilikuwa ya wazee tu?"

Tenri anapiga. Anapokea mkunga, aitwaye kwa heshima Daeng Kanang.

"Daeng, kosa ni langu. Si lako, wala si la yule mama."

Mkunga anajibu:

"Tangu siku ile silali, mwanangu. Nilidhani nilibonyeza vibaya." Kisha anaongeza: "Mama mwenyewe yuko hapa, amekuja kupimwa. Mwambie na yeye."

Kanuni haidai hilo. Tenri anasimama.

"Mpe simu, Daeng."

Anamweleza yule mama yote. Mama hatamki msamaha. Anauliza tu iwapo kitu hicho kingali kinatumika. Tenri anamjibu kwamba amekiondoa, na kwamba anakusudia kukiandika upya: penye nafasi tupu kisitoe jibu, bali kiagize mama apelekwe hospitali.

"Haya," mama anasema, na kumrudishia mkunga simu.

Tenri anafungua ukurasa wa jukwaa wenye majina ya waliokosea wakalipa kwa kukiri. Chini ya jina la Mappasessu anaandika lake.