Wimbo wa Mzee Kwenye Daftari la Mama

Juzi nilipita Temple Hills, huku Marekani, nikaiona ile nyumba ya matofali, siku hizi imepakwa rangi nyeupe. Nikasimama kama mjinga, rafiki yangu. Kimya. Zamani ungemsikia mzee akiimba kabla hujagonga mlango.

Mama yangu alikuwa akimtunza huyo mzee, Mmarekani mtunzi wa muziki wa okestra. Enzi zake kumbi kubwa zilipiga kazi zake. Nilipomjua mimi, mikono ilitetemeka hata kijiko kilimshinda. Nikishuka basi la shule naenda kwake moja kwa moja. Nyumba inanukia sombe ya mama, yale majani ya muhogo, na mimi nachonga penseli za mzee, ingawa hazikuwa na wa kuziandikia, huku naota siku nitakayovaa koti jeusi lenye mkia kama lake pichani.

Wimbo mmoja ulikuwa umebaki kichwani mwake. "Nitakwenda nao kaburini," alisema, nikamtafsiria mama. Mama noti za mistari hazijui, lakini alifuta mikono, akavuta daftari lake la kwaya. "Mwambie babu aimbe. Miye nitaandika."

Basi ikawa kila alasiri mzee anaimba kwa sauti ya kukwaruza, mama anaandika herufi za do-re-mi: d, m, s, l, kama walivyomfundisha kanisani Bukavu. Akikosea, mzee anagonga meza.

"Babu, wewe mukali kushinda pasta!"

Nikitafsiri, mzee anacheka mpaka anakohoa. Siku walipomaliza alilia, akambusu mama mkono.

Baada ya mazishi mpwa wake alikuja na lori, akabeba piano na makaratasi yote. Daftari lilibaki kwetu. Mama alilificha sandukuni, asiweze kulitazama, miaka ikapita.

Mwaka huu tumelipeleka kwenye kwaya ya mama. Mwalimu akauliza, "Mama, hapa inaenda mbio ao polepole?"

Mama akageuza kurasa, akalifunga daftari. Kwaya yake huandika herufi tu; sauti idumu kiasi gani, waimbaji wanaangalia mkono wa mwalimu. Na mkono wa wimbo huu tumeuzika.

Mimi nilikuwa mdogo, mwendo wake sikuushika; nimeujaribu mbio, nimeujaribu polepole. Kila mara unatoka wimbo mzuri. Mama huko jikoni anatikisa kichwa: "Hapana. Si ule." Nikimwomba aimbe yeye, anaishia herufi ya tatu, anarudi kuosha vyombo.