Mikono Kumi na Miwili ya Karatasi

Nimesumbuliwa wiki nzima niandike haya, kana kwamba sina pindo la kukunja. Kusoma kwangu kuliishia darasa la pili na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu, lakini mwalimu wa uchoraji anataka maelezo ya kubandika ukutani kwenye maonyesho ya chuo, na anataka yatoke karakana. Haya. Ndani yake yumo shangazi mtu, fundi cherehani, ambaye ndiye mimi. Ila nitamwita shangazi tu, maana nikianza mimi, mimi, nitajipamba.

Msichana mwenyewe tulimwita Penseli, kwa wembamba wake na kwa kile kipande alichokichomeka nyweleni hata akienda kuoga. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha sanaa. Baba yake alikubali asome kwa sharti kwamba akae kwa shangazi amsaidie kazi, na akishindwa kuvuka mwaka huo, mambo ya kuchora yaishe, akae kwenye cherehani moja kwa moja.

Na kukaa kwenyewe kulikuwa kukaa kweli. Karakana ni chumba kimoja, dirisha moja lenye nondo, na meza ya kukatia nguo inayokula chumba chote. Stuli ya Penseli iko kwenye kona, nyuma ya meza. Akishaingia, meza inasukumwa mpaka inamgusa tumbo, shangazi anakaa upande wa pili na cherehani yake, na ndiyo basi, hatoki mpaka shangazi asimame. Shangazi ana magoti mabovu, hasimami ovyo. Msichana akibanwa na haja alikuwa anaomba Mungu uzi ukatike. Siku isiyo na darasa, kutwa alitoboa vitundu vya vifungo, mashati ya shule, shati baada ya shati, huku akisikia wenzake wakipita nje ya nondo wakicheka.

Mwisho wa mwaka mwalimu akatoa kazi ya kupimia nani avuke. Kila mwanafunzi alete mikono kumi na miwili, kila mmoja kwa mbinu yake, Ijumaa. Mkono uliokuwa karibu na Penseli ni mmoja, wa shangazi, unaosukuma kitambaa chini ya sindano mbele ya pua yake tangu asubuhi. Akauchora huo.

Alichoma kijiti jikoni kikawa mkaa. Mkaa ukaishia kwenye kola ya shati jeupe, na shangazi akamtandika maneno mpaka jioni. Akajaribu chaki ya fundi. Akajaribu kuchora bila kutazama karatasi, macho kwenye vidole tu, mkono ukatoka kama tangawizi. Huo aliupenda kuliko yote. Mwingine aliuchora kwa chai nyeusi iliyolala, na brashi aliyoifunga mwenyewe kwa nyuzi za sakafuni. Mwingine aliupitisha kwenye cherehani isiyo na uzi, ukiinua karatasi kwenye mwanga unauona mkono kwa matundu. Mmoja aliuunguza kwa ncha ya pasi, tukadhani nyumba inawaka. Karatasi zenyewe aliziomba kwa shangazi, zile za kaki tunazokatia vipimo.

"Za nini?" shangazi akauliza.

"Mwalimu anataka mikono kumi na miwili, shangazi."

"Ya watoto?"

"Ya mtu mzima."

"Kulia au kushoto?"

"Vyovyote tu."

Sasa kwa fundi, mkono ni wa shati. Unaukata, unaushona, unaupachika begani. Ile mingine ni kazi ya Mungu. Shangazi akajisemea, afadhali, chuo kimeanza kufundisha kitu.

Alhamisi Penseli alishinda darasani. Kazi zake zilikuwa chini ya meza, uso chini zisipigwe vumbi. Shangazi akazivuta, akaona upande mtupu, akajua mtoto amezubaa na michezo yake ya mkaa na pasi, na kesho ndiyo Ijumaa. Moyo ukamlainika, jambo lisilomtokea kila wiki. Akazipanga pamoja, akalaza kipimo cha mkono mrefu, mkasi ukapita zote kumi na mbili kwa mara moja. Kisha akaukunja mmoja mmoja, upande mtupu nje, akaushona. Kwa ndani aliona kama weusi weusi, lakini miwani ilikuwa kabatini na yeye hapendi kuonekana nayo. Akadhani ni uchafu wa meza.

Penseli aliporudi alikuta mikono kumi na miwili ya karatasi imening'inia kwenye kamba.

"Nimekumalizia," shangazi akamwambia.

Msichana hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Aliteremsha mmoja, akachungulia kwenye tundu.

"Shangazi, umekata mikono yangu."

"Nimekata, na kwa kipimo."

Penseli akaenda kabatini, akamletea miwani. Shangazi akaivaa, akachungulia. Mle ndani, gizani, ulikuwa mkono wake mwenyewe, kidole kilichopinda, ukucha uliowahi kupitiwa na sindano, na vidole viwili mkasi umevipunguza. Hakuna aliyewahi kuutazama mkono ule kwa muda mrefu hivyo, hata marehemu mumewe. Akarudisha miwani, akasema mshono lakini umenyooka.

Penseli akajaribu kufumua mmoja, karatasi ikaanza kuchanika kwenye matundu. Akaacha. Ijumaa akaibeba kama ilivyo, kwenye mfuko wa mashati.

Mwalimu alichungulia mmoja mmoja, hana haraka. Akasema hajapata kuona mkono uliowekwa ndani ya mkono. Akauliza wazo la nani. Msichana angeweza kulikumbatia, lakini akajibu ni la shangazi yake, kwa makosa. Mwalimu akacheka, akamvusha.

Kisha akamwongezea zawadi. Akasema mwenye karakana kama ile hahitaji chumba cha kuchorea cha chuo, viti vyenyewe ni vichache. Mwaka wa pili wote kazi zake azifanyie kwa shangazi.

Haya yote Penseli aliyasimulia akiwa kwenye stuli yake, meza imemgusa tumbo, anatoboa vitundu, uso hauinui. Shangazi akasikiliza. Akasimama, magoti yakalia, akavuta meza mpaka nafasi ikapatikana ya mtu kupita.

Msichana akaitazama ile nafasi.

"Niende wapi, shangazi?"

Basi wewe uliyesimama mbele ya mikono hii, usiishie kusema nzuri, nzuri. Chungulia ndani, vidole vyangu vimo. Ukimaliza mtafute mwalimu, ni yule anayening'iniza miwani shingoni, umwambie fundi amesema ampe msichana kiti na ufunguo wa chumba cha kuchorea kabla muhula haujafunguliwa. Nenda sasa hivi, yuko hapo hapo karibu na mlango.