Barua ya Mwenye Nyumba

Jumatatu nilikuwa saiba moja pale Awendo nikingoja kuchapiwa karatasi, mzee mmoja akaingia, akavua kofia kana kwamba yuko mbele ya chifu. Mwanawe amekwenda kusoma ng'ambo, na hii ni wiki ya tatu analala sakafuni kwa mwenzake. Kila nyumba anayoomba huko, wanadai barua kutoka kwa mwenye nyumba aliyempangisha awali.

"Ni mimi huyo," mzee akamwambia dada wa kompyuta. "Andika: alikaa katika nyumba niliyomjengea, na hakunikosea."

"Mzee, barua ya mzazi wanaikataa."

"Nyathina, mwanangu, angepanga kwa nani na mimi niko hai?"

Mimi nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Kwetu kijana akibaleghe hujengewa nyumba yake karibu na lango la boma, asije akaomba paa kwa mtu baki. Kumbe fahari yetu hiyo, kule ni kasoro.

Dada aliandika hivyo hivyo. Kabla hajatuma, mzee akainua kidole.

"Ongeza hapo: mama yake bado anaifagia hiyo nyumba kila asubuhi."